Ramani Niliyoitia Sahihi

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kupima matope. Ndivyo baba yangu alivyowaeleza mafundi wenzake kwenye gereji yake ya mtaa wa Buyenzi kila walipomuuliza binti yake msomi anafanya nini: anapima matope milimani. Walicheka, naye alicheka nao. Sikujali. Wengi niliomaliza nao jiografia walikuwa bado wanazunguka mjini na bahasha za vyeti, na mimi nilikuwa na mkataba, buti za mpira, na meza yangu katika ofisi ndogo ya mradi kule Mutanga Sud, karibu na chuo chenyewe.

Mradi ulikuwa na swali moja. Kila msimu wa mvua, mito inayoshuka kutoka milimani na kupita katikati ya Bujumbura inageuka tope tupu, inakula kingo zake, inaondoka na nyumba za watu, kisha inamwaga mzigo wote ziwani. Wakubwa serikalini walitaka kujua udongo huo unatoka kwenye ardhi ya namna gani: msitu, migomba, mihogo au malisho. Sisi tulitakiwa kupima, kupiga hesabu, na kuchora ramani ya kuonyesha wapi pameumia zaidi, ili ijulikane pa kuanzia.

Mkuu wa mradi alikuwa profesa aliyenifundisha mwaka wa mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyochakaa kwa kutembea milimani, na ndiye aliyenifundisha kusugua udongo mbichi kati ya vidole na kujua una mfinyanzi kiasi gani. Nilimheshimu kama mzazi. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa sababu ya heshima hiyo. Siku hizi sina hakika.

Tulikodi kipande cha shamba la mama mmoja mjane, kwenye kilima kilichoko mashariki ya mji. Ujanani alikuwa akiteremka kuuza maharagwe soko la Buyenzi, kwa hiyo alijua Kiswahili chetu cha mtaani. Siku ya kwanza aliponisikia nikiongea aliniuliza mimi ni wa nani, na nilipomtajia gereji ya baba akasema anaifahamu, alikuwa akitua mzigo kwenye kivuli cha ukuta wa gereji hiyo. Tangu hapo akawa ananiita mwanangu.

Tuligawa mteremko wake kuwa vipande vinne virefu, kila kimoja kimezungushiwa mabati yaliyofukiwa nusu ardhini, na chini yake kuna pipa la kupokea maji. Kimoja kiliachwa kitupu. Cha pili kilipandwa mihogo. Cha tatu kilikuwa migomba na maharagwe, chini yake pametandazwa majani makavu. Cha nne kilikuwa nyasi na miti. Mvua ikishanyesha nilipanda mlima kwa pikipiki, nikakoroga maji ya kila pipa kwa mti mpaka tope liinuke, nikachota chupa moja, nikarudi nayo ofisini kuchuja, kukausha na kupima kwenye mizani. Yule mama alisoma kipimamvua kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la shule. Hakukosa hata siku moja. Hata siku aliyozika kaka yake aliandika.

Kitu kimoja tu hakukikubali moyoni, nacho ni kile kipande kitupu. Sharti lilikuwa kilimwe, kipaliliwe, kisafishwe kila jani linalochomoza, na kisipandwe chochote, kwa sababu bila hicho hatungekuwa na cha kulinganishia. Majirani walimcheka. Walisema mjane ameingiwa na wazimu, anapalilia udongo. Nilimweleza mara nyingi, naye aliitikia, lakini nilimwona akipita pale akigeuza uso.

Katika msimu wa pili nilifika asubuhi moja nikakuta kile kipande kimepandwa viazi vitamu. Miche ilikuwa imeshashika, majani mapya yametoka. Wiki chache kabla, mvua ya mawe ilikuwa imepiga maharagwe yake yote yakalala. Nilimkuta jikoni. Nilimwambia vipimo vya mwezi mzima vimeharibika, na kwamba profesa akijua mkataba wa shamba utavunjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "udongo muzuri hivi, niulime nisiweke kitu? Sasa mi nitakula hesabu?"

Nilitoka nikaenda kwenye kile kipande. Niling'oa miche yote kwa mikono yangu, mmoja mmoja, naye amesimama mlangoni anatazama. Hakunisaidia na hakunizuia. Nilipomaliza aliikusanya akampa mbuzi wake. Kule ofisini sikumwambia profesa, na nakumbuka niliporudi mjini nilijiona mtu mwema sana kwa kumfichia siri yake.

Mwaka huohuo, juu ya shamba lake, kwenye mgongo wa kilima, palianza kujengwa. Watu wenye uwezo walikuwa wamegawana viwanja vinavyotazama ziwa. Katapila ilikata barabara, ikasawazisha viwanja, ikausukuma udongo mwekundu pembeni ukaning'inia kwenye mteremko. Nyumba zikasimama na mapaa makubwa, lakini mifereji haikuchimbwa. Maji yote ya barabara na ya mapaa yalikusanywa kwenye bomba moja la saruji lililopita chini ya barabara, na mdomo wa bomba hilo ulifunguka moja kwa moja juu ya shamba la yule mama.

Yeye ndiye aliyenionyesha. Mvua ilinikuta kwake mchana mmoja, tukasimama chini ya upenu wa jiko lake. Maji ya vipande vyangu yalitiririka membamba ndani ya mabati, yakaingia kwenye mapipa kama yalivyofundishwa. Halafu bomba la juu likatema. Yalitoka maji mazito, mekundu, yenye mawe ndani yake, yakapita kando ya mihogo yake yakiichimba ardhi kwa kishindo kilichotulazimu kupaza sauti ili tusikilizane.

"Ile yangu inajaza pipa," akasema. "Hii ya huku juu, pipa yake iko wapi?"

Wiki hiyo nilirudi na futi ya kupimia. Korongo lililoanzia kwenye mdomo wa bomba lilinifika magotini. Kabla msimu haujaisha lilinifika begani, na sikuweza tena kuliruka. Kila kipimo nilichopata nilikiandika nyuma ya daftari langu.

Hesabu yenyewe ya kutengeneza ramani si ngumu, ingawa tuliisema kwa maneno makubwa. Unachukua nguvu ya mvua, unaizidisha kwa udhaifu wa udongo, kwa urefu na ukali wa mteremko, kwa kile kinachofunika ardhi, na kwa juhudi ya mkulima kama matuta na mitaro. Kompyuta inafanya hivyo kwa kila mraba mdogo, kisha inapaka rangi: kijani pasipo na hatari, manjano katikati, nyekundu panapoondoka udongo mwingi; penye sifuri panabaki peupe. Kile kinachofunika ardhi kinasomwa kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, na kila aina ya matumizi ina tarakimu yake kwenye jedwali. Ardhi tupu ni moja kamili. Mihogo iko chini yake. Msitu unakaribia sifuri. Na makazi ni sifuri yenyewe, kwa sababu jedwali lilitungwa na watu ambao wakisikia neno makazi wanaona lami, zege na mifereji iliyofunikwa.

Picha yetu ilipigwa kabla viwanja havijakatwa. Nilitumia siku mbili kuvichora kwa mkono juu yake, nikavipa tarakimu ya ardhi tupu, maana ndivyo vilivyokuwa, nikaiachia kompyuta ipige hesabu upya. Mgongo wa kilima ukageuka mwekundu mzito, mzito kuliko shamba lolote la mihogo.

Nilimpelekea profesa nikiwa na furaha. Aliitazama ramani muda mrefu, akavua miwani, akaifuta. Hakukasirika. Aliniambia nina macho mazuri. Kisha akanieleza kwamba maji ya barabara hayamo katika hesabu tuliyoichagua, hesabu hii inajua mashamba tu. Kwamba picha iliyoidhinishwa ni ile ya zamani, na mtu hachori mambo yake juu ya picha iliyoidhinishwa; kama ni lazima viwanja vionekane, jedwali lina neno lake, makazi. Na kwamba viwanja vile vina wenyewe. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini akitazama dirishani.

Nilibisha. Nilimwonyesha vipimo vya korongo. Akafunga daftari langu taratibu akanirudishia.

"Binti yangu," akasema, "tukipeleka hii, hawatatupa hata chumba cha kuionyeshea."

Halafu akanikumbusha kwamba awamu ya pili ya mradi, pamoja na mkataba wangu, ilikuwa inasubiri ramani hii ipokelewe. Hakunitisha. Alilisema kama mtu anayekukumbusha kubeba mwavuli. Nilirudi mezani, nikafuta viwanja vyangu, nikaandika makazi, nikaweka sifuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mgongo wa kilima ukawa mweupe, na chini yake shamba la yule mama likabaki jekundu, peke yake, kama ndilo lililoanza ugomvi. Kwenye pembe ya ramani kulikuwa na mahali pa sahihi ya mtaalamu aliyeitengeneza. Nikatia yangu. Baba aliomba nakala, akaibandika gereji juu ya rafu ya vipuri, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa sahihi ya binti yake.

Tuliiwasilisha kwa wakubwa kule Kigobe, katika ukumbi wenye viyoyozi na chupa za maji mezani. Profesa alitoa utangulizi, mimi nikaeleza rangi. Niliongea Kifaransa changu cha shule, kile kilichonyooka, na nilisikia mwenyewe jinsi ninavyopendeza. Walipouliza nyekundu ni nini hasa, nikasema ni kilimo cha mihogo kwenye miteremko mikali, na hilo halikuwa uongo: pipa la mihogo lilikuwa linajaa kweli. Kisha mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa ameandika chochote tangu tuanze, akanyoosha kidole kwenye mgongo wa kilima akauliza kuhusu pale peupe.

Nilikuwa na nafasi. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na profesa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni makazi," nikasema. "Hakuna mmomonyoko."

Yule mzee akashukuru. Tukaenda kula.

Uamuzi ulifika milimani kabla ya mvua nyingine. Mashamba yote yaliyoangukia kwenye nyekundu yalipigwa marufuku kulimwa. Yapandwe miti, na wenye mashamba wataelezwa baadaye watapewa nini. Nilisikia habari hiyo ofisini, ikisemwa kama habari njema: kwa mara ya kwanza ramani yetu inafanyiwa kazi. Kuna aliyeleta keki.

Nilitumwa kwenda kung'oa mabati na mapipa. Nilifika kilimani saa nne za asubuhi. Mawe ya mpaka yalikuwa yamepakwa rangi, na ndani ya shamba miche ya mikaratusi imepangwa mistari. Mihogo ilikuwa imeng'olewa kabla ya wakati wake. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anaichambua. Mizizi mingi ilikuwa myembamba kama vidole. Alinisalimia vizuri. Aliuliza hali ya baba. Nikajibu, nikakaa karibu naye nikachukua kisu nimsaidie kumenya, lakini akakitoa mkononi mwangu akakiweka kando.

Aliniuliza kama ninayo hiyo karte ambayo watu wanaizungumzia. Nilikuwa na ramani yenyewe mkobani. Nikaitandaza chini.

"Mi niko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapa pekundu."

"Ndiyo, mama."

Akainama, akatafuta kwa kidole juu ya nyumba yake. "Na barabara iko wapi?"

Nikamwambia barabara haimo.

"Haimo," akarudia. "Basi mvua yenu haipitake ku barabara."

Nikaanza kumweleza habari za picha, na hesabu ambayo inajua mashamba tu. Nilisikia maneno ya profesa yakitoka kinywani mwangu, hata ile namna yake ya kupumua katikati ya sentensi. Aliniacha nimalize.

"We ulisimama na mi hapa," akasema. "Uliona na macho yako." Kisha akauliza, "Hii ni nani aliandika?"

Ningeweza kusema ni ofisi. Ningeweza kusema ni profesa. Nikasema ni mimi.

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na daftari za mvua, zote, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Akaziweka juu ya ramani akasema vitabu vyetu ndivyo hivyo, nisije nikasema amebaki na kitu cha watu. Halafu akarudi kwenye mihogo yake. Nilifukua mabati pamoja na kijana mmoja wa pale kilimani niliyemlipa anibebee, na muda wote ule yule mama hakuinua kichwa. Sikumwona tena. Baadaye jirani yake aliniambia amehamia kwa binti yake bondeni, kwenye mpunga, analima vibarua katika mashamba ya wengine.

Mikaratusi haikuwahi kushika. Mvua ilipoanza, bomba la juu lilitema kama kawaida, korongo likapasua mistari ya miche, likapita lilipokuwa jiko ambalo tulisimama chini ya upenu wake, likateremka mpaka likaungana na mto. Huko chini, mjini, ukingo ukakatika mchana kweupe. Niliona watu wakitoa magodoro, milango, mabati ya paa, huku nyumba zao zikiingia mtoni moja baada ya nyingine bila haraka. Iliundwa tume. Tume ilifika, ikapiga picha, ikafungua ramani yangu, na ikasema sababu ni kilimo kisichofaa kwenye miteremko. Watu waliopoteza nyumba wakawa wanawalaani watu wa mlimani.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri, ulipokuwa hauna tena faida kwa mtu yeyote. Niliandika barua ya kurasa tatu kwa tume. Niliweka vipimo vyote vya korongo, wiki kwa wiki, na picha za bomba. Nilimpa profesa nakala. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniambia nimeandika vizuri, na hatukuizungumzia tena mpaka alipostaafu. Jibu la tume lilichukua miezi. Lilisema vipimo vyangu havilingani na ramani iliyokwisha kupitishwa, na kwamba kama nina mashaka na ramani hiyo, niwasiliane na mtaalamu aliyeitia sahihi.

Nilicheka peke yangu pale mezani mpaka mwenzangu wa ofisi akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna.

Awamu ya pili ilikuja, mkataba ukaongezwa. Sikuukataa. Baba alikuwa ameanza kuumwa mgongo na gereji ilikuwa imelala, na hiyo ni sababu ya kweli, lakini hata kama angekuwa mzima ningeupokea. Nimekuwa mtu wa ramani. Nimechora vilima vingine, na katika vyote makazi yana sifuri yake. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wakiuliza kwa nini, nawaambia jedwali ndivyo lilivyo.

Mwaka huu kazi yangu iko bandarini. Tope linajaza mahali pa meli kutia gati, na boti za mizigo za Kigoma na za Kongo zinalazimika kupunguza shehena ili zisikwame. Natoka na mashua ndogo asubuhi, nateremsha kamba yenye uzito, naandika kina. Kazi ni rahisi na upepo wa ziwa ni mzuri.

Juzi, wakala mmoja wa forodha, Mkongo, mtu mwenye adabu ambaye bidhaa zake zilikuwa zimekaa siku kadhaa zikisubiri kushushwa, alinijia ukingoni mwa gati, pale mashua yetu ilipokuwa. Aliniita dada, akaniomba radhi kwa kunisumbua, akasema anataka tu kuelewa: matope yote haya, mwaka hata mwaka, yanatoka wapi?

"Mulimani," nikamwambia. "Ku mashamba. Watu wanalima hovyo."

Lilitoka lenyewe, wala sikulitafuta. Akatikisa kichwa, akasema watu wa kule juu ni shida kweli. Nilikuwa na kamba mkononi, bado inachuruzika maji. Nikasoma kina, nikakiandika, nikamwambia mwendesha mashua tusogee mbele kidogo.